Kabla hujanunua liriope au mondo wa kupanda chini ya mti, angalia mizizi

Mkuu, umeuliza upande nini chini ya mti mkubwa ambako ukoka umekufa mara mbili. Unataka kitu chenye sura ya nyasi, kibaki kijani mwaka mzima, na kisikudai mashine kila wiki. Mimi nimeishi na liriope na mondo kwa miaka kadhaa, na kosa langu kubwa nililifanya siku ya kununua, hata shimo sijachimba.

Kwanza, hizi si nyasi. Zina majani membamba marefu, lakini kiukoo zimo pamoja na asparaga, na asili yake ni Asia ya Mashariki: Uchina, Japani, Korea. Na zinavumilia kivuli kinachoua ukoka.

Sasa hilo kosa. Liriope ziko mbili zinazouzwa sana. Liriope muscari hukaa kwa mashada: inanenepa taratibu pale pale ulipoipanda, urefu kama sentimita 30 hadi 45, na maua ya zambarau yaliyosimama wima. Liriope spicata inatambaa chini kwa chini. Niliuziwa ya pili kwa jina la ya kwanza. Mwaka wa kwanza nilifurahi jinsi inavyojaza haraka. Mwaka wa tatu ilikuwa imepita chini ya mstari wa matofali na kuota katikati ya maua ya mke wangu. Kuing'oa ni adhabu, maana kipande kidogo cha shina kikibaki udongoni kinaanza upya.

Kwa hiyo ukifika kwa muuza miche, omba autoe mche mmoja kwenye kiriba. Ukiona vishina vyeupe vinavyokwenda pembeni kama kamba, vyenye vichipukizi kwenye ncha, hiyo ndiyo inayotambaa. Ukiona mizizi minene imeshuka chini, mingine ina vinundu kama karanga ndogo, na machipukizi yote yamebanana katikati, chukua. Vinundu peke yake visikudanganye, angalia vishina. Sisemi inayotambaa haifai kabisa. Kwenye mteremko unaoliwa na maji ni nzuri mno. Bustani yenye vitanda vya maua usiiguse.

Mondo (Ophiopogon japonicus) ni mwembamba na laini zaidi. Maua yake yanajificha kati ya majani, na punje zake ni za buluu, wakati za liriope ni nyeusi. Mondo mfupi, wa sentimita 5 hadi 10, ndio unaofanana na zulia, na ndio utakaokujaribu subira. Niliupanda kwa nafasi ya sentimita 10 na bado ilichukua zaidi ya miaka miwili kuziba. Liriope ya mashada sentimita 30 zinatosha. Usiwasikilize wanaosema mondo ni badala ya uwanja wa nyasi. Kukanyaga mara moja moja sawa, watoto wakicheza mpira juu yake humaliza.

Maji yanayotuama ni adui kuliko ukame. Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, ikizikwa au udongo ukibaki tope, majani yanageuka manjano kuanzia chini, ukivuta kidogo yanatoka mkononi yakiwa yameoza. Mmea ukishashika vizuri baada ya mwaka mmoja, kumwagilia kunapungua sana.

Kukata ni mara moja tu kwa mwaka, na si lazima kila mwaka: mwishoni mwa baridi, au popote ulipo, kabla machipukizi mapya hayajaamka. Fungua shada kwa vidole utazame katikati. Mimi mwaka mmoja nilichelewa wiki mbili hivi, nikakata na ncha changa humo humo. Majani yakakua hivyo hivyo, yamekatwa bapa kama brashi ya rangi, na yalibaki hivyo mpaka msimu uliofuata.

Jihadhari na gugu la ndago. Ikiingia ndani ya liriope huioni, inafanana mno. Mimi huitambua kwa rangi, ni kijani kilichopauka kidogo, kisha nashika shina lake la maua na kulizungusha kati ya vidole: lina pembe tatu. Ing'oe na kiazi chake, si majani tu.

Na hapo chini ya mti wako usilime kote, utakata mizizi ya mti bure. Tafuta nafasi kati ya mizizi, chimba vishimo vidogo, weka mboji, panda, tandaza majani makavu katikati ya miche. Anza na miche michache. Ukishakuwa na shada nene, lichimbue, ligawe kwa kisu katika vipande vyenye mizizi yake, uendelee na vipande hivyo mpaka ujaze.