Tagi ya elki Colorado: maombi huangukia kwenye msimbo, si porini

Swali la mwezi Machi huwa moja tu kwa Waswahili wa Denver, Aurora, Greeley na kwingineko jimboni: leseni ya elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, inauzwa wapi? Kwa sehemu kubwa leseni hiyo, au tagi kama wawindaji wanavyoiita, haiuzwi, inaombwa. Unaandika maombi, unasubiri kura ya kugawa leseni, na ukishinda ndipo unalipa bei yake. Aliyetoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hushangaa kwamba jambo lenyewe linaruhusiwa. Anayekumbuka vitalu vya uwindaji vya Tanzania hushangaa kwamba mkazi wa kawaida wa Colorado anaweza kupata haki ya kupiga dume la kilo 300 kwa chini ya dola 80. Mtu wa jimbo jingine hulipa zaidi ya dola 750 kwa mnyama huyo huyo, kwa hiyo suala la ukazi si la kupuuzwa.

Mkazi maana yake umeishi Colorado miezi 6 mfululizo kabla ya kuomba, na una vithibitisho, kikiwemo kitambulisho cha jimbo. Aliyehama kutoka Texas mwezi Desemba bado ni mgeni mwezi Machi, hata kama ameshabadilisha namba za gari. Kujiandika mkazi kabla ya wakati ni kosa, na maafisa wanyamapori hulifuatilia.

Akaunti hufunguliwa kwa Colorado Parks and Wildlife, idara inayosimamia wanyama na mbuga za jimbo. Utapewa namba ya mteja iitwayo CID, na hiyo ndiyo utakayoitumia maisha yako yote. Usifungue akaunti ya pili kwa sababu umesahau nywila, kwani pointi zako (zile unazoongezewa unapokosa, tutazieleza mbele) zitabaki kwenye ile ya kwanza na wewe utakuwa unaanza sifuri kwenye mpya. Jina na tarehe ya kuzaliwa viandikwe kama vilivyo kwenye kitambulisho. Hili linawagusa zaidi waliokuja kama wakimbizi, ambao wengi wao makaratasi yao yanasema walizaliwa tarehe 1 Januari. Iache hivyo hivyo, usiandike tarehe "ya kweli" anayoikumbuka mama. Mfumo utaomba pia namba ya Social Security. Huo si utapeli, ni sheria ya shirikisho kwa leseni za aina hii.

Halafu kozi ya usalama wa uwindaji. Kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake lazima awe na kadi yake, na kadi ya jimbo jingine inakubalika. (Mzee ambaye kambini aliandikiwa 1/1/1949 naye yumo. Apewe kiti darasani kama vijana.) Kozi ifanywe majira ya baridi. Wanaoiacha mpaka mwisho wa Machi hukuta madarasa yamejaa.

Kuhusu bunduki na hadhi ya uhamiaji, mambo yasichanganywe. Mwenye green card hana tatizo. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamzuia kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha michache, na mmoja wa misamaha hiyo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hadhi halali haruhusiwi kabisa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai au kwa kumpiga mwenzi wake amwone mwanasheria kabla ya kugusa bunduki, maana leseni ya uwindaji haimfutii katazo hilo.

Sasa maombi yenyewe. Dirisha hufunguliwa mwanzoni mwa Machi na kufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili, saa 2 usiku kwa saa za Colorado. Tunasema saa 2 usiku ya Kiswahili, yaani 20:00. Usisubiri usiku huo.

Kabla mfumo haujakuruhusu kuomba elki, lazima uwe na leseni ya utangulizi ya mwaka huo huo. Wengi hununua ile ya wanyama wadogo, takriban dola 35 kwa mkazi na kama 100 kwa mgeni, au ya bata mzinga wa msimu wa kuchipua. Mtego upo kwenye tarehe. Leseni za mwaka huanza 1 Machi na kuisha 31 Machi ya mwaka unaofuata, kwa hiyo ndani ya Machi ile ya mwaka jana bado ni halali kwa wanyama wadogo lakini haitoshi kwa maombi ya mwaka huu. Mtu huona "iko hai", hashughuliki, na kufika Aprili mlango umefungwa.

Tufike kwenye msimbo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza mwaka mzima. Kila uwindaji una msimbo wa herufi na tarakimu 8. Chukua EM061O1R kama mfano wa umbo lake. E ya kwanza ni elki (D ni kulungu, A ni pronghoni, yule wa tambarare anayefanana na swala, B ni dubu, M ni musi, yaani moose). Herufi ya pili ni jinsia: M dume, F jike, E yeyote. 061 ni kitalu, hapa ni kitalu 61 kwenye uwanda wa Uncompahgre magharibi ya jimbo. O1 ni msimu, hapa wa kwanza wa bunduki, na hiyo O ni herufi, si sifuri. R ya mwisho ni bunduki ya kawaida. A mahali hapo ni upinde na mishale, na M ni gobore.

Angalia M inavyocheza. Ikiwa ya pili ni dume, ikiwa ya mwisho ni gobore. Msimbo unaoishia na M utakupeleka porini katikati ya Septemba na bunduki ya kushindilia kwa mdomo, si ile bunduki ya kawaida ya .308 uliyoinunua Krismasi. Hakuna kubadilishiwa kwa sababu ulisoma vibaya.

Mtego mbaya kuliko huo ni herufi P kwenye nafasi ya msimu. Misimbo ya P ni ya ardhi ya watu binafsi tu. Kwenye takwimu inavutia, kwa kuwa tagi ni nyingi, waombaji wachache na pointi hazihitajiki. Sababu ni kwamba bila ruhusa ya mwenye shamba huna pa kukanyaga, hata kama msitu wa taifa uko ng'ambo ya uzio. Tafuta mwenye shamba kwanza, upate ruhusa, ndipo uombe. Ukianza na tagi ndipo utafute shamba, Oktoba itakukuta unagonga milango ya watu wenye mbwa.

Namba ya kitalu kwenye msimbo wakati mwingine hubeba vitalu kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo soma safu ya vitalu kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka huo, kisha fungua ramani na uone ni kiasi gani kati yake ni ardhi ya umma. Kitalu kinaweza kuwa na elki tele na barabara ya umma moja tu.

Pointi hufanya kazi hivi. Kwa elki, kulungu na pronghoni, mwenye pointi nyingi hutangulia, na kwa kawaida bahati huingia kati ya walio na pointi sawa. Ukikosa chaguo lako la kwanza, unaongezewa pointi moja ya mnyama huyo. Ukilipata, unarudi sifuri. Sehemu kubwa ya tagi za kura imetengwa kwa wakazi, na ndogo kwa wageni.

Fomu ina machaguo manne, na kanuni inayofaa kukaririwa ni kwamba pointi hutumika kwenye chaguo la kwanza tu. Ukipata la pili, la tatu au la nne, pointi zako hazikuguswa. Kwa hiyo kuandika tagi rahisi kwenye nafasi ya kwanza ni kulipia kwa pointi kitu ambacho ungekipata bure kwenye nafasi ya pili. Njia tunayoipendekeza kwa mtu anayeanza ni hii: chaguo la kwanza aandike EP99999P, msimbo maalumu wa kuomba pointi tu kwa elki, na chaguo la pili msimbo wa elki jike ambao ripoti zinaonyesha hufika chaguo la pili bila kwisha. Anakwenda porini mwaka huo huo, anapata nyama, na pointi yake inaingia. Wanaodharau jike ni wapenda pembe, na pembe hazichemki.

Ripoti hizo zipo kwenye tovuti ya idara, bure. Tafuta ile inayoonyesha kila msimbo uliishia wapi mwaka uliopita. Ukiona imeandikwa kwamba kwa wakazi watu wazima ulichukuliwa kwa pointi 3, maana yake mwenye 2 hakupata kitu, na kati ya wenye 3 huenda ni baadhi tu waliopata. Tuseme tagi 40, wenye pointi 4 na zaidi walikuwa 30, na wenye 3 walikuwa 50. Hao 50 waligombea 10 zilizobaki. Aliyesoma "3" akajiona yuko salama alikuwa na nafasi moja kati ya tano. Soma safu yako sahihi, kwa sababu mkazi, mgeni na kijana wana safu tofauti. Na usitazame mwaka mmoja, tazama mitatu, kwani vitalu vingine hupanda pointi moja kila miaka michache na wewe unakimbiza basi lisilosimama.

Mkiomba kama kikundi, mfumo huhesabu pointi za mwenye chache kuliko wote. Wewe una 6, shemeji ana 0, basi kikundi kina 0. Mpende shemeji, lakini kila mtu aombe peke yake au wote muende kwenye kitalu kisichohitaji pointi.

Matokeo hutoka kuanzia mwisho wa Mei. Hapo kadi ya benki uliyoiweka hukatwa bei kamili ya leseni. Kadi iliyoisha muda, iliyobadilishwa au isiyo na salio hukataliwa, na usipolipa kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa, mwezi Juni, unaipoteza leseni. Ingia kwenye akaunti mwenyewe uangalie, usitegemee barua pepe iliyozama kati ya matangazo.

Uliyekosa bado una milango. Kura ya pili hufunguliwa katikati ya Juni. Haitumii pointi, na vijana wa miaka 12 hadi 17 hupewa kipaumbele kwa elki, kulungu na pronghoni. Kama una mtoto wa umri huo mwenye kadi ya kozi, hii ndiyo nafasi yake bora ya mwaka mzima. Mapema Agosti, saa 3 asubuhi, mabaki huuzwa kwa anayewahi, na baadaye kila Jumatano hutoka tagi zilizorudishwa na wenyewe. Agosti pia huuzwa zile zisizo na kura. Kwa kanuni za 2025 ni elki dume kwa bunduki msimu wa pili na wa tatu katika vitalu vingi, na ya mishale kwa wakazi. Mgeni wa jimbo ya mishale sasa anaiomba kwenye kura katika vitalu vya magharibi ya barabara kuu ya I-25. Kabla ya kununua ya ziada, angalia idara imeiweka kwenye orodha gani: ya orodha A unaruhusiwa moja tu kwa mwaka kwa kila aina ya mnyama.

Leseni ikifika kwa posta, ina kipande cha chini ambacho ndicho tagi ya mzoga. Usikikate wala kukisaini nyumbani "ili kurahisisha kazi". Tagi iliyokatwa au kusainiwa kabla ya mnyama kuanguka ni batili, na ikitokea kwa bahati mbaya omba nakala kabla ya kwenda. Ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga zipu pamoja na kalamu ya wino usiofutika na kamba nyembamba mbili. Mnyama akianguka, andika tarehe, saini, kata. Unapochinja vipande vya kubeba, acha sehemu ya jinsia ikiwa imeshika yenyewe kwenye paja moja, pumbu au kiwele, na tagi ifungwe kwenye paja hilo hilo, ikae hapo njia nzima hadi nyumbani. Afisa akikusimamisha na vipande vinane vya nyama ya elki bila alama ya jinsia, tagi yako ya jike haina cha kuthibitisha.

Na nyama haiuzwi. Kumgawia jirani ni halali, ila umwandikie karatasi yenye jina lako, anwani, namba ya CID na ya leseni, aina ya mnyama, tarehe ya kuuawa, kiasi ulichompa na tarehe uliyompa, kisha usaini. Iwekwe kwenye friza pamoja na nyama yenyewe.