Mnaoanza kuonjesha barfi na peda, hizi mithai (vitamu vya Kihindi) za maziwa, nisikilizeni kidogo

Jamani wadogo zangu, juzi nimewaona tena mnatoa trei ya barfi kwenye friji na kuipeleka moja kwa moja kwa waonjaji, nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni, sasa leo nasema.

1. Joto la sampuli. Hapa niliumia. Mwenye duka mmoja wa mithai hapa Kampala alituletea barfi mbili, ile yake ya siku zote na nyingine iliyopunguzwa sukari, anataka kujua kama watu watagundua. Ya zamani ilifika asubuhi hiyohiyo ikakaa mezani, mpya ilikuwa imelala kwenye friji, mimi nikaitoa nikaikata nikaigawa. Waonjaji karibu wote wakaandika mpya ni ngumu, utamu hafifu, iliki haisikiki, na mimi nikaandika ripoti kwa kujiamini kabisa kwamba haifai. Mzee akaiacha. Baadaye nakaa na zile fomu ndio naona, samli ikipoa inaganda na kipande kinakuwa kigumu, ulimi nao hauonji utamu vizuri kwenye kitu cha baridi, na harufu haipandi. Sehemu kubwa ya tofauti waliyoionja ilikuwa ya friji! Nikarudi kwa mzee nikamweleza, akanisikiliza kwa upole, ila yule fundi aliyeibuni ile barfi alishaacha kazi akiamini kashindwa, na hilo la fundi linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo toeni zote pamoja mapema, zifunikeni, zifike joto la chumba ndio mkate.

2. Sampuli zipeni namba za tarakimu tatu za kubahatisha, sio A na B, na mpangilio ubadilike kwa kila mwonjaji.

3. Maji ya uvuguvugu kati ya sampuli, maana mafuta ya khoa, yale maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, hayatoki ulimini kwa maji baridi.

4. Ile skeli ya kupenda na kutopenda yenye alama 9. Ilianzia jeshini Marekani, kwa ajili ya vyakula vya askari, yaani inamuuliza mlaji wa kawaida, tena walaji wengi. Nyie mnawapa watu 8 mliowafundisha wenyewe halafu mnaandika "wateja wameipenda", wateja gani hao? Waliofunzwa waulizeni ina ladha ya kuungua kiasi gani, ina chembechembe kiasi gani. Na kabla ya hapo kaeni nao na sampuli za mfano, moja khoa iliyoshika chini ya sufuria makusudi, moja ambayo laktosi imeshaganda mpaka ina mchangamchanga mdomoni, wakubaliane wote. Msiwadharau wale ambao barfi hawakuizoea nyumbani, nimekuwa na waonjaji wa kutoka Mbarara waliokulia kwenye maziwa na samli, wanakamata maziwa yaliyoungua mapema kuliko mtu yeyote mezani.

5. Jaribio la pembetatu, yaani mwonjaji anapewa sampuli tatu, mbili sawa na moja tofauti, aitaje ile tofauti: anayebahatisha tu anapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo waonjaji 5 kati ya 12 wakipatia si chochote, hapo mnahitaji angalau 8.

6. Wenye kisukari na wanaosumbuliwa na maziwa waulizeni kabla, sio mtu ameshameza.

7. Gulab jamun, yale madonge ya khoa yaliyokaangwa na kulowekwa kwenye sharubati, msizikate nusu, sharubati inabaki kwenye sahani na wa pili anapata kavu. Agizeni ndogondogo, kila mtu ale yake nzima.