Katuni za maprinsesi: angalia binti anakataa nini, achana na gauni

Watoto wa kaka yangu wakija kwangu likizo wanataka kitu kimoja tu, katuni, tena za maprinsesi. Na mawifi zangu hawaishi kuniuliza ipi nzuri ya kumwekea binti na ipi ni gauni na kuimba tu, sasa nimeona niandike hapa mara moja tumalizane.

Mi huwa najiuliza maswali mawili. Kabla mwana wa mfalme hajatokea, huyu binti alikuwa anataka nini? Na akiletewa hicho kitu mezani kwa njia ya mkato, anakipokea au anakataa? Basi. Sauti tamu, nywele, ndege wanaokuja kumsaidia kazi za ndani, hayo ni mapambo, watoto wanayapenda na waachwe wayapende.

Ukianza na Aurora wa Sleeping Beauty ya mwaka 1959, michoro yake mpaka leo ni mizuri kupita maelezo ila binti mwenyewe jamani, anaongea kidogo, anajichoma kidole, analala, kazi yote wanaifanya wale bibi watatu wa uchawi na kijana wa watu na upanga wake. Cinderella wa 1950 mi namtetea kidogo, watu wanasema alikuwa anasubiri kuokolewa tu, lakini kuishi na mama wa kambo wa vile na bado usiwe na roho mbaya siyo jambo dogo. Ila ukiniuliza alikuwa anataka nini maishani, zaidi ya kwenda kwenye dansi, nabaki kukuna kichwa.

Sasa njoo kwa Tiana, yule wa The Princess and the Frog ya mwaka 2009, prinsesi wa kwanza mweusi kwa Disney. Huyu nimemwangalia na wale watoto mpaka maneno tunayajua. Yuko New Orleans, Marekani, miaka ya 1920, mama yake fundi cherehani anawashonea matajiri, baba yake alikufa vitani. Anachotaka ni mgahawa. Yeye na baba yake waliuota tangu yuko mdogo, picha yake anayo, na ili aupate anafanya uhudumu sehemu mbili, akirudi nyumbani chenji za tipu anazitia kwenye makopo ya kahawa ndani ya droo. Mpwa wangu mkubwa alivyoona ile droo akasema "shangazi, ana vibubu!" na kuanzia hapo hakuhitaji kutafsiriwa kitu, maana kila mtoto aliyekulia kwetu anajua kibubu ni nini na kukivunja kabla ya wakati ni kishawishi gani.

Halafu wale ndugu wawili wanaouza jengo wanamwambia kuna mtu kaja na hela yote taslimu, na wanaongezea kejeli kwamba mwanamke wa hali yake biashara kubwa vile asingeiweza. Hapo simamisha muvi. Kweli, bonyeza pozi, uliza watoto "wanamaanisha nini hawa?" Wangu waliongea mpaka chai ikapoa, maana hiyo sentensi wameshaisikia sehemu, ikisemwa kwa dada zao na kwa mama zao.

Ila sehemu yenyewe iko mwishoni, Tiana akiwa ameshageuka chura kwa kumbusu Naveen, mwana wa mfalme aliyerogwa. Facilier, yule mganga tapeli, anamwonyesha mgahawa ukiwa tayari, taa, meza, watu wamejaa, na yeye kapendeza, anachotakiwa ni kukabidhi kile kidude cha kichawi tu. Halafu anamgusa panapouma, anamkumbusha baba alivyofanya kazi kwa bidii na akafa bila kuupata. Na Tiana anakataa, anasema baba hakupata alichokitaka lakini alikuwa na alichokihitaji, anakivunja kile kidude, anabaki CHURA. Yaani anajua kabisa anaweza kubaki chura maisha yote. Mi kwangu hapo ndo mtu anapogeuka wa kuigwa, siyo kwenye kuchapa kazi peke yake, maana wachapakazi tunao wengi na wengine wanachapa kazi mpaka wanasahau kuishi, na ile muvi hilo pia inalisema, kupitia yule Naveen mvivu ambaye hajawahi hata kukata kitunguu.

Msinielewe vibaya, malalamiko yapo na yana haki. Muda mwingi wa muvi Tiana ni chura wa kijani, prinsesi wa kwanza mweusi halafu rangi yake imefichwa hivyo, kwa kweli inauma. Na mwanzoni walipanga aitwe Maddy na awe mtumishi wa ndani, watu wakapiga kelele, wakabadilisha. Kelele zilisaidia.

Kingine cha kuwaambia mabinti, Tiana ametolewa kwa mtu wa kweli, Leah Chase, mpishi wa New Orleans aliyekuwa na mgahawa wa Dooky Chase pamoja na familia ya mumewe, akafariki 2019 akiwa na miaka 96. Enzi za ubaguzi, weusi na weupe walikuwa wanakaa humo ndani kula na kupanga harakati za haki wakati sheria inakataza kukaa meza moja. Waonyeshe picha zake, anaonekana kabisa ni bibi wa jikoni, na hapo mtoto anaacha kuuliza kama Tiana yupo kweli.

Ushauri mwingine mdogo mdogo. Kaeni nao, msiwawekee mkaenda kupika. Wavulana nao wakae, mpwa wangu wa kiume ndo aliyeuliza kwa nini Naveen hajui kazi. Baada ya muvi usimuulize mtoto "umejifunza nini?", atakujibu kama yuko darasani, muulize "ungekuwa wewe ungempa Facilier kile kidude?" halafu nyamaza, wa kwangu mdogo alijibu angempa, anataka mgahawa, na tulibishana mpaka usiku. Na kama wana miaka chini ya mitano wawekee mchana, vile vivuli vya Facilier vinatisha, mtakuja kulala nao kitanda kimoja wiki nzima.