Uvimbe unaodunda kinenani baada ya mpira wa dayalisisi

Pole sana dada, na mpe mama pole. Umesema Jumatatu mama aliwekewa kinenani mpira wa muda wa dayalisisi, yaani wa kusafisha damu kwa mashine figo zinaposhindwa, sasa pana uvimbe unaodunda, na jirani anataka aukande kwa maji ya moto akidhani ni jipu. Tafadhali msikande, msikamue, asiutumbue mtu yeyote!

Kinenani ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) zimelala ubavu kwa ubavu. Sindano ikigusa ateri, damu huweza kuvuja na kujikusanya nje ya mshipa, ikidunda sawasawa na moyo. Mimi nimemuuguza baba kwenye dayalisisi hapa Moshi, na uvimbe wa namna hiyo siusubirishi hata siku moja. Mpeleke leo hospitali ya KCMC, muombe altrasaundi ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita. Uvimbe mdogo sana huweza kuzibika wenyewe ukifuatiliwa; mwingine hubanwa kwa kuongozwa na altrasaundi, au huchomwa dawa ya kugandisha damu. Mkubwa hufanyiwa upasuaji.

Kabla ya kuunganishwa tena kwenye mashine, mwambie nesi. Heparini inayotumika humo huzuia damu kuganda, hivyo daktari aamue kwanza.

Uvimbe ukikua haraka, ngozi ikiwa nyembamba inayong'aa, homa ikipanda, au mguu ukiwa baridi na ganzi, ni dharura. Damu ikitoka, mlaze, bonyeza palepale kwa kitambaa safi bila kuachia ili kuchungulia, msifunge kamba, na mwingine atafute gari.