Mtoto akikuuliza kuhusu Waamaleki

Nafundisha kipaimara katika kanisa moja nje ya mji wa Dodoma, upande wa Hombolo. Jumamosi moja tulikuwa chini ya mkwaju, zamu ya kusoma ikawa ya binti wa miaka 13. Mama yake alikuwa kwenye shamba la zabibu, kwa hiyo alikuja na mdogo wake mgongoni, amembeba kwa kitenge. Akasoma 1 Samweli 15 mpaka mstari wa 3, mfalme Sauli anapoamriwa kwa jina la Mungu awaue Waamaleki wote, taifa lililokuwa adui wa Israeli, wanaume kwa wanawake, mtoto na anyonyaye. Akanyamaza. Kidole kikabaki kwenye "anyonyaye", akageuza shingo kumtazama mdogo wake.

"Mwalimu, hata wa hivi?"

Nikamjibu kwamba mambo ya Mungu hayahojiwi. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Swali lile lilininyima usingizi, maana mimi ndiye niliyewakaririsha Kutoka 20:13: "Usiue." Wapo wanaoeleza kwamba neno la Kiebrania pale linahusu kuua kwa dhuluma, vita haimo. Maelezo hayo yana msingi, na ni vizuri mwalimu ayajue, ila mtoto mchanga wa Kiamaleki hayamfikii. Mstari wa 2 unasema kosa la Waamaleki lilitendwa wakati Israeli walipotoka Misri, enzi za mababu zake. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Tena katika sura hiyohiyo ya 15, mstari wa 11 Mungu anajuta. Mstari wa 29 Samweli anasema Mungu hajuti.

Mwalimu mwenzangu, usiiruke sura hiyo, na usimfokee anayeuliza. Kijana uliyemwapia kwamba Biblia haina kosa hata moja, siku akikutana na mistari hii peke yake ataona ulimdanganya katika yote. Wapo wanaoshika msimamo huo kwa moyo safi. Tamko la Chicago la 1978, la Waprotestanti wa kiinjili, linakataa kwamba Biblia ina kosa lolote, hata katika historia na sayansi. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1965, walisisitiza ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Mimi nimeshika neno moja la 2 Timotheo 3:16: andiko lenye pumzi ya Mungu "lafaa". Linafaa kutufundisha hata pale waandishi walipomsikia Mungu kwa masikio ya watu wa vita. Siwezi kuamini kwamba Baba wa Yesu alitaka kichanga kichinjwe, na sasa nalisema hilo mbele ya darasa.

Nilimfuata binti kwao jioni moja, nikamkuta uani anachambua mlenda. Nikamwambia, mbele ya mama yake, kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba mstari ule unaniumiza mimi pia. Hakusema kitu, akanisogezea kigoda.

Jumamosi akaja, mtoto mgongoni. Tukaanzia mstari wa 4.