Mtoto njiti wa miezi 11 anakaza miguu: je, tuendelee kusubiri?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Ninaandika kutoka Ilagala, wilayani Uvinza. Mwanangu wa kiume alizaliwa mimba ikiwa na wiki 29, baada ya presha yangu kupanda na daktari kuamua nizalishwe. Alikuwa na kilo 1.2, tukalazwa wodi ya kangaruu, ambako mama hukaa na njiti kifuani ngozi kwa ngozi, mpaka alipofikia uzito wa kuruhusiwa. Sasa ana miezi 11. Anacheka, ananitambua, anashika kitu na kukipeleka mdomoni, lakini hakai, na ninapomvisha nepi miguu inakaza mpaka nalazimika kuitenganisha. Kliniki niliambiwa njiti huchelewa, nihesabu umri wake kwa kutoa miezi na nisiwe na haraka. Nitatoa miezi hiyo mpaka lini, na je, chanjo ya surua nayo inasubiri? Uji humpalia mara kwa mara. Mama mkwe humkanda miguu kwa mawese na kuinyoosha, na anataka tumchimbie shimo la kusimamia. Pia anasema yote haya yametokana na ndoo za maji nilizobeba nikiwa mjamzito. Nifanye nini, na nikishika mimba nyingine, mtoto atakuwa njiti tena?

JIBU

Mama, ulichoambiwa kuhusu kutoa miezi ni sahihi, lakini kinahusu kuchelewa tu. Miguu inayokaza ni jambo jingine, na kusubiri peke yake hakulitatui. Nitaanza na hesabu kwa sababu ni fupi.

Mimba iliyotimia huhesabiwa kuwa ya wiki 40. Mwanao alikuja wiki 11 kabla ya wakati, yaani takriban miezi miwili na nusu, hivyo kwa mambo ya kukaa, kutambaa, kusimama na kutamka maneno tunamtazama kama mtoto wa miezi minane na nusu. Ukitaka kuepuka hesabu ya kutoa, angalia tarehe ya makisio ya kujifungua iliyoandikwa kwenye kadi yako ya ujauzito, uanzie kuhesabu hapo. Umri huo hutumika pia uzito wake unapochorwa kwenye kadi ya kliniki, na huachwa mtoto anapotimiza miaka miwili, kwa kuwa wakati huo tofauti ya wiki chache haibadilishi mengi. Chanjo haimo kabisa katika hesabu hii. Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, na njiti ndiye anayehitaji zaidi kinga hiyo kwa wakati. Ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Kama hajaipata ile ya kwanza, ameshachelewa, mpeleke wiki hii.

Kuhusu kukaa, vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kwamba watoto wenye afya huanza kukaa bila kuegemezwa kuanzia karibu miezi minne hadi miezi tisa na siku chache. Kwa umri wake uliorekebishwa, yaani ile miezi minane na nusu, mwanao bado yumo ndani ya nafasi hiyo, na kama ungeniandikia kwamba hakai tu, ningekujibu kwa sentensi mbili. Kilichonifanya nirefushe jibu ni hiyo nepi.

Mtoto aliyechelewa tu, hata akiwa mdogo kuliko wenzake, miguu yake huwa laini mikononi mwako. Akilala chali huinyanyua, huishika na kuipeleka mdomoni. Mtazame wako akiwa ameshiba na ametulia, kwa sababu mtoto anayelia hukaza mwili wote na hakuna unachoweza kujifunza hapo. Panua mapaja yake polepole sana, kisha upanue tena kwa wepesi kidogo bila kulazimisha. Ikiwa kwa polepole yanafunguka na kwa wepesi misuli inakamata katikati ya njia, huo ni ukazo unaotoka kwenye ubongo, wala si ugumu wa mifupa wala ukaidi. Kisha mnyanyue kwa kumshika chini ya makwapa, uangalie kama miguu inapishana kama mkasi na vidole vya nyayo kuelekea chini. Angalia pia kama anatumia mkono mmoja na kuutelekeza mwingine, kwa kuwa mtoto wa umri huu hapaswi kuwa amekwisha chagua mkono. Andika ulichokiona, au mwombe baba yake arekodi video fupi kwa simu, maana siku ya kliniki mtoto anaweza kulia mwanzo mpaka mwisho na mtaalamu asione kitu.

Sababu ya miguu kuathirika kuliko mikono ni hii. Kati ya wiki ya 24 na ya 32 ya mimba, sehemu nyeupe ya ubongo inayozunguka vyumba vya maji ya ubongo huwa changa, na hudhurika kwa urahisi damu au oksijeni inapopungua au maambukizi yanapoingia. Nyuzi za neva zinazokwenda miguuni hupita karibu kabisa na vyumba hivyo, na zile za mikononi hupita mbali kidogo. Ndiyo maana njiti anaweza kuwa na uso uliochangamka, mikono inayoshika vizuri, akili inayokua, na bado akawa na miguu migumu. Hali hiyo ikithibitika huitwa mtindio wa ubongo, wa aina inayoegemea miguuni. Sisemi kwamba mwanao anao. Wapo njiti wengi wanaokaza miguu katika mwaka wa kwanza na ukazo ukaisha wenyewe kabla ya miezi 18, na mtu hawezi kuwatofautisha watoto hao kwa kusoma barua. Lakini mazoezi hayasubiri jina la ugonjwa. Yakianza mapema na baadaye ikaonekana hayakuhitajika, hakuna aliyepata hasara. Mtoto aliyehitaji akakosa, misuli hufupika na nyonga huanza kutoka mahali pake.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uombe aonwe na daktari wa watoto na kitengo cha mazoezi tiba. Chukua kadi zote mbili na karatasi ya ruhusa ya wodi ya kangaruu. Uliza waziwazi kama macho yake yaliwahi kupimwa, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 1.5 yuko katika hatari ya ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unaowapata njiti, na uombe apimwe pia usikivu na mzunguko wa kichwa. Kama nauli au gharama ni kikwazo, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumwona, na umwone mapema kabla ya kukata tamaa. Usisubiri miadi yoyote endapo atapata degedege, kichwa kikianza kukua haraka, au akianza kujikunja ghafla mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Hali hii ya mwisho hudhaniwa kuwa msokoto wa tumbo, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu ni aina ya kifafa inayoweza kurudisha ubongo nyuma.

Wakati unajiandaa, kuna jambo la kufanya nyumbani. Ukimkalisha kwenye mkeka miguu imenyooka, huenda mgongo unapinda na anaangukia nyuma. Watu husema mgongo ni dhaifu, kumbe mara nyingi ni misuli ya nyuma ya mapaja inayovuta nyonga. Mkalishe juu ya paja lako au kwenye kigoda kifupi, magoti yamekunjwa na nyayo zimegusa sakafu, nawe umshike kiunoni. Mara nyingi mgongo hunyooka palepale. Mbebe mgongoni kwa mbeleko, miguu ikikuzunguka kiuno, au ubavuni akiwa amepanua mapaja, kwani mkao huo hunyoosha misuli ileile inayokaza, nawe unaendelea na kazi zako.

Mama mkwe aendelee kukanda, kwa sababu mguso wa polepole wenye mafuta humtuliza mtoto, ila aache kunyoosha. Msuli wenye ukazo ukivutwa kwa nguvu hujibu kwa kukaza zaidi, na unaweza kuchanika. Shimo la kusimamia sikubaliani nalo kwa sasa, kwa kuwa mtoto anayesimamia ncha za vidole hujizoesha ukazo huohuo. Shimo la kukalia ni tofauti: likiwa na kina cha kumshika mpaka kiunoni, likatandikwa kanga, na mtu mzima akawa kando yake kwa dakika chache, ni kiti kizuri kuliko viti vingi vya dukani.

Uji usimpe akiwa amelala chali. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo, umlishe kwa kijiko na usubiri ameze kabla ya kingine. Uji mwepesi hupalia kuliko mzito, kwa hiyo uongeze uzito, utie unga wa dagaa uliochekechwa vizuri na kijiko cha mawese, ambayo yana nguvu na vitamini A nyingi. Akipaliwa kila mlo, au akikohoa na kifua kubana baada ya kula, daktari alijue siku hiyohiyo.

Ndoo za maji hazikumzalisha mwanao mapema. Kilichokuzalisha ni presha ya ujauzito, ambayo chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, na daktari aliimaliza mimba ili nyote wawili mpone. Ningependa baba wa mtoto na mama mkwe, ikiwezekana, waje nawe kitengo cha mazoezi waonyeshwe namna ya kumbeba na kumlisha, kwa sababu maneno kuhusu ndoo huisha haraka zaidi yanapojibiwa na mtaalamu mbele ya watu wote kuliko unapojitetea peke yako jikoni.

Kuhusu mimba nyingine, presha ya aina hiyo inaweza kurudi, ingawa si lazima irudi. Tumia uzazi wa mpango kwa sasa na upime presha yako hata kama hujisikii vibaya. Utakapojua una mimba, fika kliniki kabla ya wiki ya 12, uwaeleze kwamba ulizalishwa katika wiki ya 29 kwa sababu ya presha, na uulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo na vidonge vya kalsiamu. Aspirini hiyo huanzwa kuanzia wiki ya 12 kwa maelekezo ya daktari, na usijinunulie mwenyewe dukani.