Unayeanza kufundisha Kiswahili Kampala, pokea pesa kwanza, kisha cheka

Ndugu yangu unayetaka kufundisha Kiswahili majumbani hapa Kampala, karibu. Wateja wapo. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Julai 2022 kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, wazazi wanaulizia mwalimu wa nyumbani. Wapo pia maofisa wanaotumwa Arusha kwenye mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao hukupigia simu wiki moja kabla ya safari wakitaka "Kiswahili chote".

Habari ya pesa niimalize haraka: chukua ada ya vipindi vinne kabla ya kipindi cha kwanza. Mimi niliwahi kuahidiwa "nitakutumia kwenye simu jioni". Jioni ipi, hakusema. Mvua ikinyesha, hesabu kipindi kimekufa. Na usimtafutie Mganda aliyechelewa sababu ya kilugha: ssaawa bbiri kwao ni saa mbili kwetu, hesabu ni ileile. Mzungu akija saa nane mchana badala ya saa mbili usiku, huyo msamehe.

Kitakachokutoa jasho ni makosa yanayojirudia. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakasirika. Nimetoka Tanga, nilidhani Kiswahili ni mali ya nyumbani kwetu na watu wanakiharibu makusudi. Kisha karani mmoja wa benki akaniandikia insha kuhusu uchaguzi wa 2021: "Tulipanga mstari tangu alfajiri ili tupige kula." Nikapiga mstari mwekundu. Kipindi kilichofuata, kula tena. Ilibidi nijifunze Luganda kidogo ndipo nikaelewa: kwao r hukaa baada ya e au i, kwingine kote ni l. Kwa hiyo kura inakuwa kula, barua inakuwa balua, na "kila siku" inageuka "kira siku". Yule karani hakuwa mzembe. Alikuwa akifuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni ya nyumba ya pili.

Mwingine alinieleza kuwa mama yake "anatunda maembe Owino". Kwetu kutunda ni kuchuma tunda mtini, nikamwona bibi wa watu yuko juu ya mwembe katikati ya soko, gauni limenasa kwenye tawi. Kumbe kwa Luganda okutunda ni kuuza! Nilicheka mpaka mwanafunzi akacheka, na neno "kuuza" halijamtoka tena. Ninayo madaftari matatu ya vituko hivi. Anza la kwako mapema. Siku ukiona kiburi kinapanda, nenda sokoni ukaseme Luganda chako. Mimi nilipojaribu, muuza ndizi aliwaita wenzake waje wasikilize.

Jihadhari na mwanafunzi aliyesoma sarufi kukuzidi. Mjerumani mmoja aliniuliza kwa nini tunasema "rafiki huyu" halafu "rafiki yangu", badala ya "rafiki wangu". Nikajibu ndivyo tunavyosema. Akaandika jibu hilo, akalipigia mstari, akanitazama akisubiri liendelee. Usiku huo sikulala. Nilisoma ngeli kama mtoto wa mtihani.

Ila mwanafunzi niliyempenda kuliko wote ni mzee mmoja wa Mengo. Aliitwa kwenye somo na wajukuu, akakaa amekunja mikono. Nikamuuliza Kiswahili gani anakijua. Akataja bila kusita: "Simama. Lala chini. Toa kitambulisho." Ndicho alichofundishwa na askari kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970. Wenye umri wake wengi lugha hii waliipata kwa mtutu, kwa hiyo usimkemee anayenuna. Nikaanza na "tafadhali". Akalirudia mara mbili, taratibu, kisha akaangua kicheko hadi miwani ikaanguka.

"Ssebo," akasema, "kumbe siku zote mlikuwa nalo?"